Ufa Niliuziba, Wakati Ukaniponyoka

Mpenzi msomaji, ikiwa unaishi Nairobi au Mombasa katika nyumba ya kukodi ambayo jirani akipiga chafya unamwombea afya bila kuinuka kitandani, huenda unadhani kwamba sisi wa Lamu tunaishi katika kimya cha peponi. Wageni hutuambia hivyo kila siku. Hushuka gatini, wakatazama vichochoro visivyopitika kwa gari, wakavuta pumzi ndefu na kusema: "Hapa pametulia!" Nami hucheka kimoyomoyo, kwa kuwa mgeni huyo hajawahi kuketi na maikrofoni mbele ya mtu mzima anayesoma utendi.

Mwenye kutaka kujua kelele za Lamu na ajaribu kunasa sauti. Hapo ndipo atakapogundua kwamba punda hana saa maalumu ya kulia, kwamba kunguru wana baraza lao juu ya paa, na kwamba fundi seremala wa mtaa wa pili huanza kugonga patasi pale hasa msomaji anapofikia ubeti mzuri. Motaboti zanguruma pwani. Jenereta la duka huwaka umeme unapokatika. Watoto wa chuo huitikia kwa pamoja. Hata pikipiki siku hizi zimeingia kisiwani. Na juu ya yote hayo, kuna hodi. Katika mji wetu hodi haikataliwi, hata kama umebandika tangazo mlangoni kwa wino mwekundu.

Nilianza kuyajua haya mwezi wa Desemba 2021, na leo nataka nikusimulie jinsi nilivyopambana na mlango mmoja na dirisha moja kwa muda wa miezi saba. Nitakupa mbinu zote nilizojifunza, kwani zinaweza kukufaa wewe mwenye kutaka studio ndogo nyumbani, au wewe mwanafunzi usiyeweza kusoma kwa ajili ya redio ya jirani. Lakini pia nitakueleza kosa nililofanya, ambalo halihusiani na mpira wala mbao, ili wewe usije ukalirudia.

Mama yangu alikuwa na umri wa miaka 78 wakati huo. Tangu utotoni alikuwa akiujua kwa moyo Utendi wa Mwana Kupona, beti zake zote mia moja na ushei. Alifunzwa na mamake, naye mamake alifunzwa na bibi yake. Wengi wenu mmeusoma utendi huo shuleni. Mwana Kupona binti Msham, mzaliwa wa Pate, aliutunga mwaka 1858 kumuusia binti yake, Mwana Hashima, kuhusu dini na maisha ya ndoa. Maneno yake yamehifadhika vitabuni, na yeyote anaweza kuyapata. Lakini kitabu hakina sauti. Mama alikuwa na mahadhi yake, mahali pake pa kuvuta pumzi, na vituo vyake vya kutua na kusema, "Hapa mamangu alikuwa akilia." Hayo hayakuwa yameandikwa popote ila kifuani mwake.

Fikiri kidogo, msomaji wangu. Mwana Kupona alipotunga utendi wake, dunia ilikuwa haijapata chombo cha kunasa sauti na kuirudisha. Thomas Edison wa Marekani alikitengeneza chake mwaka 1877, takriban miaka ishirini baadaye. Siti binti Saad wa Unguja alipotaka sauti yake iingie katika santuri, ilimbidi apande meli hadi Bombay mwaka 1928. Na mimi nilikuwa na simu mfukoni, iliyo na maikrofoni bora kuliko zile za Bombay, na mama yangu yuko chumba cha pili. Ningekuwa na udhuru gani?

Basi alasiri moja nilimketisha msanani, nikaweka simu juu ya mto, nikamwambia, "Mama, soma." Akasoma utendi wote kwa muda wa dakika hamsini hivi, bila kutazama karatasi. Usiku nilipousikiliza, moyo ulinivunjika. Jenereta lilikuwa limenguruma mwanzo hadi mwisho. Punda alilia mara tatu. Katika beti za mwishomwisho, jirani alipiga hodi akaulizia sufuria yake, na mama akamjibu katikati ya mshororo. Nilisema kwa hasira, "Hii ni taka tupu," nikataka kuifuta. Binti yangu, aliyekuwa kidato cha pili, akaniomba aihamishie kwanza katika simu yake. Nilimwachia ili anyamaze. Kisha nikaapa kwamba mama hatasoma tena mpaka nimtengenezee chumba kisichoingia hata mbu wa sauti.

TREI ZA MAYAI

Chumba nilikuwa nacho. Nyumba yetu ni ya mawe, ya kale, katika Mji wa Kale wa Lamu ambao UNESCO iliuweka katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, unene wake karibu nusu mita. Vyumba ni vyembamba, kwa sababu dari hubebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka nafasi pana isipinde. Chumba cha juu nilichokichagua hakifiki mita tatu kwa upana. Nilijipongeza. Kwa kuta kama hizi, nilisema, kazi imekwisha kabla ya kuanza.

Nilikuwa nusu sahihi. Sauti ni mtikisiko. Ili ipite ukutani, ni lazima kwanza iutikise ukuta wenyewe, nao ukuta mzito hautikisiki ovyo. Wazee wetu walitujengea ngome bila kukusudia kurekodi. Lakini wazee hao hao walijenga kwa ajili ya joto. Katika nyumba za kale za Lamu vyumba vingi vya ndani havikuwa na milango ya kufunga. Palikuwa na mapazia tu, ili upepo upite kutoka kiwanda cha ndani hadi chumba cha mwisho. Palipo na njia ya upepo, pana njia ya sauti. Mlango wangu ulikuwa ubao wa plaiwudi wenye uwazi ndani, uliotiwa na mpangaji wa zamani. Dirisha langu lilikuwa na mbao mbili kuukuu zilizopinda kwa chumvi.

Nikafanya kile ambacho kila kijana wa studio hukifanya. Nilikusanya trei za mayai kutoka madukani, nikazipanga mlangoni na dirishani. Nikaongeza godoro la sponji. Mke wangu alichungulia akaniuliza kama ninafuga kuku. Nilipojaribu kurekodi, jenereta lilikuwa palepale, limeketi pamoja nasi kama mgeni mwalikwa.

Hapa, msomaji, sikiliza vizuri, maana watu wengi hupoteza pesa kwenye jambo hili. Kuna kazi mbili tofauti. Ya kwanza ni kuzuia sauti isipite kutoka nje kuja ndani au kutoka ndani kwenda nje. Ya pili ni kupunguza mwangwi ndani ya chumba, yaani sauti yako mwenyewe isikurudie kutoka ukutani. Vitu laini kama godoro, pazia na nguo hunywa mwangwi. Havizuii kelele, kwa sababu ni vyepesi na vina matundu. Trei za mayai ndizo dhaifu zaidi: mwangwi hazinywi ila kidogo, kelele haziizuii kabisa, na moto zinaupenda. Anayetundika godoro mlangoni ili asisikie jenereta ni sawa na anayevaa sweta ili asilowe mvua.

Ajabu ni kwamba kwa mwangwi sikuwa na haja ya mengi. Chumba kilikuwa na zidaka ukutani, zile nafasi za kuwekea vyombo zilizochongwa kwa chokaa. Ukuta uliojaa zidaka huivunjavunja sauti badala ya kuirudisha kama kioo. Mkeka sakafuni, mito, na pazia moja zito vilitosha.

Aliyenitoa gizani hakuwa mtu wa studio. Alikuwa mzee mmoja fundi wa mashua, jamaa wa marehemu baba, ambaye ujanani alifanya kazi ya kalafati huko Matondoni. Nasi humwita Ami. Kwa wasiojua, kalafati ni kule kuziba nyufa baina ya mbao za chombo kwa pamba iliyotiwa mafuta, ikashindiliwa kwa patasi na nyundo ya mti hadi maji yasipate pa kupenya. Alikuja kumwamkia mama, akaniona ninahangaika na godoro, akacheka mpaka akakohoa.

"Mwanangu," akasema, "chombo huzibi kwa kukitia shuka. Mai hayana mato, na tundu huiona."

Yaani maji hayana macho, lakini tundu huliona. Akapitisha kiganja chake kizimba kizima cha mlango, kama mtu anayempapasa mgonjwa. "Hapa waingia. Hapa waingia. Na hapa chini, hata paka apita."

MOSHI HAUONGOPI

Ami alimwambia mke wangu alete chetezo. Tukafunga mlango na dirisha, akakipitisha chetezo polepole kando ya miimo, juu na chini. Moshi wa udi ulikuwa ukipanda wima, kisha ghafla ukavutwa kando na kupotelea katika upenyo. Kila ulipopotelea, nilitia alama ya chaki. Tulipomaliza, mlango ulikuwa na alama kumi na nne. Unaweza pia kufanya hivi usiku kwa taa: washa taa kali ndani, zima ya nje, kisha utazame. Panapopita mwanga, panapita kelele. Lakini onyo: ukitumia chetezo au jiko, kitoe mara moja na ufungue chumba. Makaa ndani ya chumba kilichozibwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua watu wakiwa usingizini.

Jioni ile nilifanya hesabu ambayo mwanafunzi yeyote anaweza kuirudia. Mlango wangu ulikuwa na kimo cha mita 2 na upana wa sentimita 80. Hiyo ni sentimita za mraba 16,000. Chini palikuwa na upenyo wa sentimita moja. Sentimita moja mara themanini ni 80. Basi upenyo ule ulikuwa nusu ya asilimia moja tu ya mlango. Ni kitu kidogo, sivyo? Lakini kelele hupimwa kwa desibeli, na kanuni zake ni kali: penye uwazi wa nusu ya asilimia moja, mlango huo, hata ungekuwa wa chuma cha meli, hauwezi kupunguza kelele kwa zaidi ya desibeli 23 hivi. Ukiufanya mlango kuwa mzito mara mbili, utajipatia desibeli tano au sita, na hizo zote zitavujia kwenye upenyo. Kwa kulinganisha, sikio huhisi kwamba kelele imepungua nusu inaposhuka kwa desibeli 10. Kwa hiyo ziba kwanza, ongeza uzito baadaye. Waswahili walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi ukuta nilikuwa nao, ufa ndio ulionishinda.

Tukaanza kazi. Mlango wa plaiwudi tuliutupa. Tukatafuta mbao nzito, seremala akazipiga randa na kuziunga bila uwazi ndani. Kandokando ya miimo tulipachika mpira laini wenye tundu katikati, wa aina ile inayotiwa katika milango ya magari, ili mlango ukifungwa uubane mpira pande zote. Kumbuka kwamba mpira usiobanwa haufanyi kazi. Ndiyo maana badala ya komeo la kawaida tuliweka kitasa kinachouvuta mlango ndani kadiri unavyokizungusha. Chini tuliinua kizingiti cha mbao kama cha milango ya kale, na mlango ukawa unakigonga badala ya kuelea juu yake. Tyubu kuukuu ya pikipiki, iliyokatwa na kupigiliwa chini ya mlango, ikamaliza kazi. Baina ya fremu na ukuta, mahali ambapo watu wengi husahau, Ami mwenyewe alichukua pamba na patasi akaikalafati kama jahazi.

Kisha akaniuliza swali ambalo lilinifanya nione ukuta wangu kwa macho mapya. "Ukuta huu nusu mita. Mbona wataka mlango mmoja?" Kweli kabisa. Katika uwazi wa ukuta mnene kama huo unaweza kutia milango miwili: mmoja upande wa nje unaofungukia nje, na mwingine upande wa ndani unaofungukia ndani, na kati yao ikabaki hewa ya sentimita thelathini. Milango miwili ya wastani iliyotengwa kwa hewa huzuia kelele zaidi kuliko mmoja wenye uzito wa yote miwili, kwa kuwa sauti inalazimika kutikisa mbao, kisha hewa, kisha mbao tena, na kila hatua huchoka. Pande za ndani za nafasi ile tulizivisha usumba wa makumbi ya nazi uliofungwa kwa kitambaa, ili kelele iliyonaswa katikati isirukeruke.

Dirisha lilikuwa jambo la pili. Ungekuwa unataka mwanga, ningekushauri vioo viwili vilivyotengana kwa sentimita kumi au zaidi, na visiwe na unene mmoja. Weka kimoja cha milimita 6 na kingine cha 10, kwa mfano. Kila kioo kina sauti yake ambayo kikiisikia hutikisika kwa urahisi. Vikiwa sawa, vyote viwili hufungua njia pamoja. Vikitofautiana, kinachopenya kimoja huzuiwa na mwenzake. Lakini mimi sikutaka kugusa dirisha la kale. Ukiwa katika Mji wa Kale, muulize kwanza mtu wa Makumbusho ya Taifa kabla ya kutoboa chochote, na chokaa ya zidaka usiipigilie msumari hata mmoja. Tulitengeneza kizibo cha kutoa na kutia: fremu ya mbao inayoingia barabara katika uwazi wa dirisha, mbele ubao mzito, nyuma ubao mwingine, kati yake usumba ulioshindiliwa, na mpira kuzunguka. Kina mikono miwili kama sinia. Wakati wa kurekodi hutiwa, baadaye hutolewa, na nyumba hubaki kama ilivyoachwa na wazee.

Yapo mambo matatu usiyasahau. Kwanza, chumba kisichoingia sauti hakiingii hewa. Kwa joto la pwani, watu wawili ndani yake kwa dakika ishirini huloa jasho na huanza kuumwa kichwa. Sisi tulitengeneza sanduku refu la mbao lenye kona tatu ndani, likavikwa sponji, na feni ndogo mwisho wake wa mbali. Hewa hupinda kona na kufika, sauti hugonga kona na kufa. Pili, usumba mkavu hushika moto, basi nyaya za umeme zikae mbali nao, na mlango ufunguke kutoka ndani bila ufunguo. Tatu, usijidanganye kwamba utazuia kila kitu. Sauti nyembamba kama filimbi na kunguru huzuilika kwa urahisi. Sauti nzito ya chini, kama mngurumo wa motaboti, hupita hata katika matumbawe, na nyayo za mtu wa juu husafiri ndani ya boriti. Dawa yake ni kuchagua saa.

Nasi tulichagua baada ya Isha, mashua zikiwa zimetia nanga. Mwito wa sala hatukuwahi kuuhesabu katika kelele. Muadhini akiadhini sisi hunyamaza, maikrofoni huzimwa, na baada ya sala tukaendelea. Kwa upande wa hodi, mke wangu alijitolea kukaa dakani na kuwapokea wageni kwa kahawa. Mlango huo haukuwa na dawa nyingine.

SAA HAINGOJI KIZIBO

Sasa nifikie lile nililokuahidi. Kazi hii niliyokueleza kwa dakika kumi ilinichukua miezi saba. Mbao zilichelewa. Mpira wa kwanza niliouagiza Mombasa ulikuwa mwembamba, nikausubiri mwingine. Bawaba za chuma zilishika kutu ya bahari zikaanza kulia, nikazibadilisha kwa za shaba. Kila wiki mama aliniuliza, "Mwanangu, si tusome?" Nami nilimjibu, "Bado kidogo, mama. Chumba hakijawa tayari."

Julai 2022 chumba kikawa tayari. Tulipofunga milango miwili na kutia kizibo, nilisikia damu ikipita masikioni mwangu. Jenereta halikuwapo. Mama aliketi, akatazama huku na huku, akasema chumba chafanana na mwana wa ndani wa kaburi, lakini atasoma kwa ajili yangu. Usiku wa kwanza alisoma beti arobaini. Sauti ilitoka safi, kila pumzi yake ikasikika. Ungedhani ameketi katika sikio lako.

Lakini nilisikia kiti kikilia katika ubeti wa tisa. Usiku wa pili nikamwomba arudie kutoka mwanzo. Safari hiyo feni ilikuwa na mvumo mdogo sana, pengine hata wewe usingeusikia. Usiku wa tatu nikamwomba arudie tena. Akanitazama kwa muda, akasema, "Mwanangu, huu ni utendi au ni sahani, hata uwe wauosha kila siku?" Tukacheka. Akarudia beti zile zile arobaini, kwa sauti iliyochoka kidogo. Nikamwambia wiki ijayo tutaendelea na zilizobaki.

Wiki ile mama alipatwa na kiharusi. Alipooza upande wa kulia, na maneno yakamkimbia. Alhamdulillahi, yu hai hadi leo, anakula, anatutambua, na mkono wake umerudi nusu. Lakini kusoma utendi hawezi tena. Ubeti humjia mdomoni ukakatika.

Nilikaa ndani ya chumba changu kisichoingia sauti, nikazihesabu nilizo nazo: beti arobaini, mara tatu, safi kama maji ya mvua. Beti sitini na ushei zilizobaki, hakuna. Nilikuwa nimezuia punda, jenereta, kunguru na bahari, na nilichokikosa ni mama.

Baada ya siku kadhaa binti yangu alinijia na simu yake. "Baba," akasema, "ile ya kwanza ninayo." Ile niliyoiita taka. Tuliketi tukaisikiliza yote, dakika hamsini, na jenereta lake na punda wake. Mahadhi yote yamo. Pale anaposema mamake alikuwa akilia, yamo. Katika beti za mwisho jirani anapiga hodi, mama anamjibu kwamba sufuria iko jikoni, kisha anarudi katika mshororo bila kupotea hata silabi. Mahali pawili maneno yamemezwa kabisa na jenereta. Lakini maneno tunayo kitabuni. Kilichokuwa hakimo kitabuni ndicho kilichookolewa na mtoto wa kidato cha pili.

Siku hizi tunamwekea mama rekodi hiyo jioni. Kuna ubeti mmoja ambao alasiri ile aliukosea, akaruka mshororo. Kila unapofika, huinua kidole cha mkono wa kushoto na kutikisa kichwa, kama mwalimu anayemsahihisha mwanafunzi. Basi najua anausikia utendi wote, kutoka mwanzo hadi mwisho.

Sikuambii haya ili udharau kuziba milango. Chumba changu kinafanya kazi. Wanawake wa mtaani hurekodi kaswida zao humo, na Ami mwenyewe ametoa nyimbo za mabaharia ambazo nilikuwa sijapata kuzisikia. Na wewe uliye katika ghorofa ya Nairobi huhitaji kuta za matumbawe. Anza kwa kupiga magoti mlangoni usiku na kutazama mwanga unapopita. Ziba chini kwa mpira, au hata kwa taulo iliyokunjwa. Ziba kandokando. Dirisha linalotazama barabara liongezee kioo cha pili. Ukitaka kurekodi na huna pesa kabisa, fungua kabati lililojaa nguo, usogeze maikrofoni karibu na mdomo, na usubiri mtaa ulale. Utashangaa.

Lakini kabla ya yote hayo, kabla hujanunua msumari wa kwanza, nenda kwa yule mzee wako ambaye umekuwa ukisema siku moja utamnasa sauti. Pengine ni babu anayejua ukoo wenu hadi vizazi saba, pengine ni nyanya mwenye hadithi ya sungura isiyo katika kitabu chochote. Weka simu juu ya mto, umwambie, "Soma." Matatu ikipita, ipite. Jogoo akiwika, awike. Tunza rekodi hiyo mahali pawili, na usimruhusu mtu mwenye hasira aifute. Kisha rudi kwenye mlango wako, uzibe nyufa moja baada ya nyingine kwa utulivu, ukijua kwamba kile kisichorudi umekwisha kukiweka akibani.

Ufa husubiri. Utaukuta kesho palepale ulipouacha jana. Wazee hawatusubiri hivyo.